Mwanangu, usihesabu vichwa

Marahaba, mwanangu. Huku Ngamiani, Tanga, hatujambo. Baba yako magoti yanamsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda anatoka barazani na kahawa yake kama kawaida.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema hapo kazini Dodoma mko watano mnaopenda kula, mmechoka na chipsi za kila jioni, na mmekubaliana kupikiana: Jumapili ya mwisho wa mwezi mmoja anapika kwake, wengine wanakwenda kula. Ya kwanza mmeila kwa mwenzenu wa Bukoba, ndizi na maharage juu ya jani la mgomba. Sasa zamu ni yako, na umeniuliza hivi: "Mama, watu walikuwa wanakuja kwetu bila kusema, na sikuwahi kuona chakula kimepungua. Ulikuwa unajuaje kitatosha?"

Nilikuwa sijui, mwanangu. Sijawahi kujua hata siku moja. Nilichokuwa nacho ni namna ya kupika, na hiyo nilifundishwa na bibi yako mzaa baba, siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka mikono inaniwasha.

Ilikuwa mwaka 1988, msimu ule timu yetu ya Coastal Union ilipochukua ubingwa wa ligi. Mimi nilikuwa na miezi minne tu ndani ya nyumba hii. Jioni baba yako akatoka uwanjani Mkwakwani na watu saba. Saba! Na mimi nilikuwa nimepika cha watu watatu: nusu kilo ya mchele, na changu wawili niliowakaanga vizuri wakakauka. Niliposikia hodi na vicheko barazani nikakimbilia uani, nikasimama pale karibu na karo nisijue nishike nini.

Bibi yako akaja nyuma yangu. Hakunisema. Akafunua sufuria moja, akafunua ya pili, akafunika. "Kuna nazi?" Nikamwambia ipo moja. "Muhogo?" Upo. Akaniambia nikae kwenye mbuzi nikune, yeye akawachukua wale changu wangu akaanza kuwachambua. Mwiba mmoja mmoja, kwa vidole, mpaka ikabaki nyama tupu kwenye sahani. Nilitaka kulia. Nilikuwa nimewapaka ndimu na kitunguu saumu tangu mchana, nikawakaanga mmoja mmoja wasivunjike, na sasa wanabomolewa mbele yangu.

Akakata kitunguu, nyanya mbili, bizari ya manjano kidogo, na kipande cha embe bichi. Tui la kwanza akaliweka pembeni. La pili akaligawa: nusu kwenye muhogo, nusu kwenye mchuzi. Mchuzi ulipochemka akatia ile nyama ya samaki, mwisho akamalizia kwa tui zito. Wali ukawekwa katikati ya sinia, muhogo ukauzunguka, mchuzi kwenye bakuli mbili kubwa. Watu wanane wakakaa kwenye mkeka wakala, wakasifia, mmoja akaomba pilipili zaidi. Mimi na bibi yako tulikula jikoni, ukoko na mchuzi uliobaki kwenye sufuria, na nakuambia kweli sijala chakula kitamu kuliko kile.

Nimekusimulia hayo kwa sababu jibu la swali lako limo kwenye wale changu. Samaki mzima akiwekwa kwenye sahani, tayari ana mwenyewe: ukiwa na samaki wawili, una wageni wawili. Ukimchambua ukamtia kwenye mchuzi wa nazi, anakuwa wa kila anayemega tonge. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza watakuja wangapi. Anza kwa kuchagua chakula kinachokubali kuongezwa. Mchuzi unakubali. Maharage yanakubali, mchicha, mbaazi, muhogo. Kuku wa kukaanga vipande vitano hakubali, na mishikaki ndiyo kabisa, maana kila mmoja anahesabu kijiti chake na kijiti cha mwenzake.

Bibi yako hakuyasoma hayo popote. Alilea watoto sita katika miaka ile baada ya vita ya Kagera, mchele na sukari ni vya foleni, watu wanaweka jiwe kushika nafasi kwenye duka la kaya, na unga unaopatikana ni ule wa njano, yanga. Hata wakati huo sahani ilivuka ua kwenda kwa jirani. Ilikuwa ndogo, lakini ilivuka.

Sasa tui, maana najua hapo ndipo unapoharibikiwa. Uliniambia mchuzi wako ulitoka "kama maziwa yaliyoganda". Hilo ni tui limekatika. Linakatika kwa sababu unatia lote pamoja, moto mkali, unafunika, unaondoka kwenda kuangalia simu. Usifanye hivyo. Ikune nazi yako uishie kwenye weupe, ukifika kwenye ile ngozi ya kahawia tui linapata rangi na uchungu. Tia maji ya vuguvugu kikombe kimoja, fikicha kwa mkono, kamua. Hilo ndilo zito, liweke mbali na moto. Kwenye machicha yale yale tia vikombe viwili, fikicha tena, kamua, hilo la pili. Nazi nzuri inatoa hata la tatu, la kuchemshia maharage.

La pili ndilo linalopika. Lichemshe na viungo vyako, samaki aive humo. Zito linaingia mwishoni kabisa, moto umeshapungua, na kuanzia hapo mkono wako usitoke kwenye sufuria: chota kwa upawa, inua juu, mwaga taratibu, chota tena. Utaona juu panaanza kutokota polepole, mafuta yanatoa vijicho vidogo vya manjano pembeni, na harufu inabadilika, ule ubichi wa nazi unaondoka. Epua hapo hapo. Ndimu unakamua baada ya kuepua, siyo kabla.

Ukikosa muda wa kukuna, vunja nazi, toa nyama yake, katakata uisage kwenye blenda na maji ya vuguvugu, kisha kamua vile vile. Tui la pakiti ni la siku umebanwa kweli kweli. Mimi silipendi, halina tui la pili, na bila tui la pili hakuna cha kuongezea.

Mchele. Kilo moja inashibisha watu sita ikiwa ina mboga mbili pembeni. Ninyi ni watano, lakini usipike kilo. Pika kilo na robo. Kuna atakayekuja na mdogo wake, au mwenye nyumba wako atapita kusalimia. Wasipokuja, una kiporo: asubuhi unakikaanga na kitunguu, unakunywa na chai, unakwenda kazini umeshiba. Mchele wa zamani kikombe kimoja kinakunywa vikombe viwili vya tui jepesi, mchele mpya unataka pungufu kidogo, kwa hiyo muulize muuzaji ni wa msimu gani, atakuambia. Kama ni wa Kyela usiuzidishie iliki, una harufu yake mwenyewe. Tui likikaribia kukauka, geuza mara moja, funika. Hapa nyumbani tunapalia makaa juu ya mfuniko. Wewe una gesi, basi shusha moto mpaka mwisho na uweke kitu kizito juu ya mfuniko mvuke usitoroke.

Maharage yaloweke tangu Jumamosi usiku. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kabla hayajawa moto kama ya huku kwetu, ndiyo maana ulilalamika kwamba hayaivi. Hayana kosa. Yape muda, na chumvi tia yakishalainika.

Samaki usihangaike kutafuta nguru wa barafu aliyesafiri siku mbili. Huko mna samaki wa Mtera. Perege ni wa maji baridi, ana harufu ya tope kidogo, kwa hiyo msugue kwa chumvi na ndimu, mwache nusu saa, muoshe, mkaange kwanza ndipo aingie kwenye mchuzi. Mchambue kama bibi yako alivyofanya, maana perege ana miba midogo na kuna watu wanaogopa miba lakini wanaona aibu kusema. Na mchicha upike kwa karanga za kusaga badala ya nazi. Karanga za huko ni nzuri na za bei ya kawaida, nazi uzitunzie wali na mchuzi. Kachumbari kata mwisho, watu wakiwa wameshafika. Basi. Wali, mchuzi wa samaki, maharage, mchicha, kachumbari.

Umesema ulifikiria pilau kwa sababu mwenzako wa Bukoba alifanya vizuri sana. Nakuomba usipike kwa kushindana naye. Yeye aliwalisha chakula anachokula kwao siku yoyote, ndiyo maana mlikifurahia. Nawe walishe unachokula kwenu. Pilau ina siku yake. Na yule mzee aliyekucheka alipokuona dukani unachagua bizari, eti mwanaume, usimjibu kwa ubaya. Pengine hajafika Tanga akaona shughuli zetu, pilau ya sufuria kubwa nani anaisimamia. Ni wanaume, tangu alfajiri, na hakuna anayewacheka.

Kuhusu kupakua. Ninawajua ninyi vijana, mtataka kila mtu sahani yake. Ukipakua kwenye sahani tano, umeshaamua nani apate kiasi gani, na mtu wa sita akibisha hodi utalazimika kupunguza za wenzake mbele ya macho yao. Weka sinia. Sinia haijui idadi, mtu anasogea, mwingine anakaa. Anayekula sana na anayekula kidogo wanajipanga wenyewe, na mwenye haya hatabaki na njaa akiogopa kuomba nyongeza. Lakini waulize mapema. Wapo watu hawakuzoea kula pamoja kwa mkono, na siyo kosa lao. Huyo mpe sahani na kijiko, akae nanyi pale pale kwenye mkeka, wala usiseme kitu. Waulize pia nani hali samaki. Mara nyingi watu hawasemi, wanakula wali na kachumbari wanaondoka wakisema wameshiba.

Wakifika mapema, wape kazi. Wawili wanaotoka kanisani wanaweza kuwa hapo saa sita, na wewe bado uko kwenye vitunguu. Usiwakalishe sebuleni wakitazama ukuta. Mmoja akune nazi, hata kama hajui, mwonyeshe. Mwingine achague mchele. Hapo ndipo mtakapozungumza, wala siyo wakati wa kula, maana chakula kikiwa kizuri watu hunyamaza. Wale saba wa mwaka 1988, wanne tunao mpaka leo. Mmoja ndiye aliyekaa na baba yako hospitali usiku mzima ulipokuwa unazaliwa. Urafiki wao na mimi ulianzia siku ya pili yake, walipokuja kuniomba radhi kwa kuvamia nyumba, na wakakuta nakuna nazi, wakakaa wakasaidia.

Kabla hamjaanza kula, toa bakuli moja umpelekee mama mwenye nyumba. Toa kabla, siyo kilichobaki. Ulinieleza kwamba ni Mgogo na kwamba mlenda wake ukiukuta na ugali wa uwele unasahau kwenu. Utaona bakuli lako litarudi na nini, maana najua na huko, kama huku, chombo hakirudi kitupu. Mwombe akufundishe huo mlenda, jinsi anavyoukausha na kiasi cha magadi. Mimi sijui kuupika na ningependa kujifunza kutoka kwako.

Umeniuliza pia, kwa sauti ya chini kidogo, itakuwaje ikitokea kweli chakula kikapungua. Kitapungua siku moja. Mimi kimenipungukia si mara moja, wewe tu hukuona kwa sababu nilikuwa nakula mwisho. Siku hiyo katakata mihogo au viazi, tia kwenye tui la pili lililobaki na chumvi, dakika ishirini vimeiva. Kama tui hakuna, chemsha chai ya tangawizi, nyingi, tuma mtu akalete mkate au maandazi. Usiombe radhi mara tano. Ukiomba radhi sana, mgeni anaona aibu kwa kila tonge alilokula.

Leo asubuhi nimekwenda Mgandini nimekuchagulia nazi kumi na mbili, nimezitikisa moja moja, zote zina maji. Nimezifunga kwenye ndoo yenye mfuniko, na pembeni nimeweka ndimu, bizari niliyoisaga jana, na kile kifumbu cha kukamulia cha bibi yako, nimekizungushia kanga kisikatike. Mbuzi nimeshindwa kuituma, tafuta hapo sokoni Majengo. Ndoo inapanda basi la kesho alfajiri, ipokee mwenyewe, usimtume mtu, na unipigie nijue hakuna iliyopasuka.

Kanga ibaki kwako. Ndoo nirudishie, na wewe unajua isirudi vipi: zabibu za Dodoma zikianza kuuzwa barabarani, baba yako ameshaniuliza mara mbili.

Mama yako