Gasketi ya hedi: usifunge kabla hedi haijapimwa

Ndugu yangu wa Ngamiani, umeuliza kama unaweza kubadilisha gasketi ya silinda hedi (kizibo kilicho kati ya hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, na bloku) ya Toyota Surf yako yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE hapo uani, maana inakula maji na kupanda joto kila ukielekea Muheza. Unaweza, ukiwa na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza boliti) na subira.

Kinachonitia hofu ni hedi yenyewe. Ni ya alumini, imekaa juu ya bloku ya chuma, na injini hizi zikichemka hedi hupasuka, mara nyingi katikati ya vali. Ukifunga gasketi mpya juu ya ufa, umetupa pesa. Nakusihi, ipeleke ikapimwe presha kwanza. Gasketi nayo zina unene tofauti. Usinunue yoyote tu.

Boliti kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa vipimo vya kitabu cha injini hiyo. Weka timing belti (mkanda unaoendesha vali zifunguke kwa wakati wake) kwenye alama zake.

Tabo (turbo, inayosukuma hewa kwenye injini) isiwashwe kavu: mimina oili safi kwenye tundu lake, piga stata bila injini kuwaka mpaka presha ya oili ipande.

Rejeta izibuliwe. Tumia kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini), maji ya bomba matupu huleta kutu.