Programu Inayojifunga Mkulima Anapofutwa

SWALI: Ndugu Mhariri, programu ya hesabu za kahawa niliyoiandikia chama chetu hapa Moshi kwa lugha ya C hujifunga ghafla ninapofuta jina la mkulima, tena si kila mara. Kosa liko wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, hiyo “si kila mara” ndiyo inayonifanya nishuku kwamba unaachilia kumbukumbu ya kompyuta kwa free(), yaani amri ya C ya kuirudisha nafasi isiyohitajika tena, ilhali orodha ya dirishani bado inaielekea anwani ileile, ambayo huweza kubaki na data ya zamani hadi igawiwe kazi nyingine. Usibahatishe. Ikompaili programu upya kwa GCC (kikompaili cha C) ukiongeza -g, inayohifadhi namba za mistari, na -fsanitize=address, inayokagua matumizi ya kumbukumbu, kisha ufute mkulima mmoja: kama shuku yangu ni sahihi, ripoti itataja mstari ulioachilia na uliosoma baadaye. Kukiwekea kielekezi (kigeu kinachoshika anwani hiyo) thamani ya NULL, yaani “hakuna anwani”, baada ya free() husaidia, ila hakuzigusi nakala nyingine za kielekezi hicho.