Mkono ndani ya honi si pozi

Mkuu, umeuliza kama mkono wa kulia unaoingia ndani ya honi ya Kifaransa (ala ya shaba ya kupuliza, bomba refu lililozungushwa) bado una kazi siku hizi ambapo valvu, yaani vitufe vya kubadilisha urefu wa bomba, zipo, na kama anayeanza ashughulike nao. Una kazi kubwa, na mimi humtaka mwanafunzi ajifunze mkono kwanza, valvu baadaye. Nimeanzia kwenye bendi ya matarumbeta ya kanisani, sasa nafundisha vijana, na msimamo wangu ni huo.

Anzia kwenye bomba lenyewe. Honi ya F, yaani iliyo kwenye ufunguo wa F, ukiinyoosha ina karibu mita 3.7. Bila valvu inatoa sauti zake za asili tu, zinazohesabiwa kuanzia ya chini kabisa: chini zimeachana sana (do, sol, do, mi), na ni huko juu, kuanzia sauti ya 8, ndipo zinasogeleana zikawa ngazi. Hata hapo si zote zimekaa sawa. Ya 7 ni ta (ti iliyoshushwa nusu toni) iliyo chini kidogo, ya 11 si fa wala fi (fa iliyopandishwa nusu toni), imekwama katikati, na ya 13 ni la iliyolegea. Wawindaji wa Ufaransa wa karne ya 17 hilo halikuwasumbua, maana walikuwa wakiitana msituni juu ya farasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1680 Franz Anton von Sporck, bwana mkubwa wa Bohemia (leo Ucheki), aliwapeleka watumishi wake wawili huko wakajifunze honi. Bohemia ikaja kuwa chimbuko la wapigaji hodari kwa vizazi kadhaa.

Honi ilipoingia kwenye okestra, mafundi wa Vienna waliongeza vipande vya bomba vya kubadilisha ufunguo. Do ikahama, lakini sauti zilizokosekana zikaendelea kukosekana. Jibu lilitoka Dresden katikati ya karne ya 18 kwa mpiga honi Anton Joseph Hampel, aliyekuza ufundi wa kuziba kwa mkono. Ukifunika kiasi, sauti inashuka. Ukiziba kabisa, kwenye honi ya F inatoka nusu toni juu, nyembamba na ya puani. Mwanafunzi wake, Giovanni Punto, aliumudu ufundi huo kiasi kwamba mwaka 1800 Beethoven alimwandikia sonata. Ile yote ilipigwa kwa midomo na mkono tu! Mimi kila nikiipitia, naheshimu zaidi wazee wale.

Valvu zilisajiliwa Berlin mwaka 1818 na Stölzel na Blühmel. Wengi hawakuzikimbilia. Joseph Meifred, aliyeanza kufundisha honi ya valvu katika chuo cha muziki cha Paris mwaka 1833, aliendelea kudai mkono utumike pamoja nazo, na Brahms mwaka 1865 bado aliandika trio yake akikusudia honi isiyo na valvu. Na kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa ndani tayari, valvu zikapewa wa kushoto. (Alto ya E-flati iliyo kwenye bendi zetu nyingi ni ala nyingine. Inabonyezwa kwa kulia, na mkono hauingizwi.)

Honi mbili-katika-moja, ya F na B-flati, ilitoka kwa fundi Kruspe wa Erfurt, Ujerumani, mwaka 1897. Upande wa B-flati bomba ni fupi, hivyo sauti za juu zimeachana zaidi na si rahisi kuteleza.

Sasa mazoezi. Vidole vishikane pasiwe na upenyo, kiganja kiwe kama unachota maji, mgongo wa vidole uegemee ukuta wa honi. Kikombe cha mdomoni kikae theluthi mbili juu ya mdomo wa juu, theluthi moja ule wa chini. Usiguse valvu. Panda kutoka sauti ya 8 hadi ya 12: do, re, mi, fa, sol. Ile fa itoke juu, kisha ifunike taratibu mpaka iungane na fa ya kinanda au ya mwenzako anayeimba. Ukipanda hadi la, sauti ya 13, fanya kinyume, fungua zaidi. Wiki za mwanzo fanya hivyo tu, kwa sauti ndogo.

Ukifika kwenye noti zenye alama ya +, ziba kabisa na ubonyeze valvu za noti iliyo nusu toni chini. Tumia upande wa F, kwa sababu upande wa B-flati sauti inapanda kupita nusu toni na hesabu hiyo haikubali.

Wewe una honi ya aina gani, ya F peke yake au mbili-katika-moja? Sema nikupangie zoezi linalofuata.