Kutoka kaunta ya famasi kwenda fanksheno medisini: kwa dada aliyeuliza wa Texas

Dada umeuliza kama uache kaunta hapo Texas uingie fanksheno medisini, yaani tiba inayotafuta chanzo cha ugonjwa, na kwamba wenzako wanakutisha ni utapeli mtupu. Mimi ni mfamasia nimetoka Bongo na digrii yangu, nikapitia njia hiyo hiyo uliyopita, FPGEE (mtihani wa wafamasia waliosomea nje), TOEFL ya Kiingereza, masaa ya intanishipu, NAPLEX (mtihani wa leseni), mtihani wa sheria wa jimbo, yote hayo halafu unajikuta dirishani draivuthruu unachoma chanjo huku simu iko sikioni unabishana na watu wa bima. Kwa hiyo hasira zako nazielewa kabisa. 2023 si uliona wafamasia wa maduka ya CVS kule Kansas City hawakuingia kazini, baadae na wa maduka ya Walgreens, na kilio kikubwa kilikuwa watu wa kusaidia kazi hawatoshi.

Sasa hii kitu yenyewe. Mwanzilishi ni Jeffrey Bland, mtu wa baiokemia, yeye na mkewe Susan walifungua Institute for Functional Medicine 1991, na 2014 hospitali kubwa ya Cleveland Clinic nao wakafungua kituo cha tiba hiyo ndio ikapata heshima. Wazo lao ni kwamba usikimbilie kuuliza ugonjwa gani dawa gani, uliza huyu mtu amefikaje hapa: anakula nini, analalaje, stresi, tumbo lake, na dawa anazomeza. Hapo kwenye dawa anazomeza ndio penye kazi yetu, kwingine kote kuna watu wanatuzidi.

Chukua mama mtu mzima, kisukari cha siku nyingi, yuko kwenye metformini ya kushusha sukari, na ana omeprazoli, dawa ya asidi ya tumbo, aliyopewa ya muda mfupi ikageuka ya maisha. Miguu inakufa ganzi, kila anayemwona anasema ni sukari hiyo. Inawezekana ni sukari kweli, lakini metformini ikikaa mwilini miaka inashusha vitamini B12, omeprazoli nayo inapunguza asidi ambayo ndiyo inayoitoa hiyo B12 kwenye chakula, na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walishaonya tangu 2011 kuwa dawa za kundi hilo zikitumika muda mrefu zinaweza kushusha magnesiamu. Unamwandikia daktari wake barua fupi, mpimeni B12 na magnesiamu, basi. Vipimo vya kawaida tu na hujamuuzia kitu. Mwingine anameza levothairoksini, dawa ya thairoidi, na vidonge vya kalsiamu kwa pamoja asubuhi, kila akienda kliniki dozi inapandishwa, kumbe kalsiamu ndiyo inaizuia isiingie mwilini, zilitakiwa zipishane masaa manne. Mwingine biotini, vitamini anayomeza kwa ajili ya nywele, inavuruga majibu yake ya thairoidi. Na watu wetu wa huku wana mlonge, habasoda, vitunguu saumu vya vidonge, hawamwambii daktari ila wewe ukiuliza kwa Kiswahili bila kucheka watakutolea mfuko mzima mezani, na unakuta yuko kwenye wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande ambayo inaweza kugongana na vitu hivyo!

Hela sasa. Medicare Part B, bima ya serikali ya wazee upande wa huduma za daktari, haimtambui mfamasia kama mtoa huduma wa kulipwa, kwa hiyo sehemu kubwa mteja anatoa mfukoni, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa maana kodi ya ofisi inadai, kampuni za sapulimenti zinakuletea bei ya jumla tamu, ghafla wewe ndiye unayeshauri na wewe ndiye unayeuza. Na hizo bidhaa kwa sheria ya 1994 hazipiti FDA kwa kibali kabla ya kuingia sokoni. Mimi sina stoo kabisa, mteja akihitaji kitu namwambia tafuta chenye alama ya USP au NSF, mashirika huru yanayokagua ubora, kanunue unapotaka. Kipato changu kiko chini ya cha kaunta, nisikudanganye.

Halafu kuna vile vipimo vya damu vya IgG (kingamwili) vya chakula, bei yake balaa, mtu anatoka na orodha ndefu ya vyakula vya kuacha. Wataalamu wa aleji wanavikataa, IgG inaonyesha tu kwamba mwili umekutana na hicho chakula. Wanaokwambia utapeli, hapo wana pointi na mimi niko upande wao.

Kingine usijisahau, sertifiketi ya fanksheno medisini sio leseni. Huruhusiwi kumwambia mtu una ugonjwa fulani wala kumwachisha dawa kwa uamuzi wako, kurekebisha dozi kunataka makubaliano ya maandishi na daktari na kila jimbo lina masharti yake, kwa hiyo kabla hujalipia kozi yoyote (na sio za bei ya kitoto) kasome kanuni za bodi ya famasi ya Texas.

Ningekuwa wewe nisingeacha kaunta yote kwa mkupuo. Punguza shifti, tafuta daktari mmoja wa familia mwenye wazee wengi wenye dawa kumi kumi, muombe siku moja kwa wiki upitie mafaili yao. Akiona simu za wagonjwa zinapungua atakulipa mwenyewe, asipokulipa hamia kwa mwingine.