Umefuta faili la GB 30 na nafasi haijarudi? Toa mikono kwenye kibodi

Jumatano usiku nilifikiwa na ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Mwanza, msomaji wa hapa. "Shikamoo kaka. Sava imejaa, df inasema 100%. Nimefuta logi ya GB 30 na bado inasema 100%. Nimefuta na vitu vingine viwili vitatu, bado. Kesho asubuhi watu wanaingia kazini. Nisaidie."

Kwa mgeni: df ni amri inayoonyesha diski imejaa kiasi gani, na logi ni faili ambamo programu huandika kila inachofanya. Kilichonitoa usingizini si hiyo logi. Ni hivyo "vitu vingine viwili vitatu". Nilimpigia palepale, saa sita usiku, na kabla hata ya kuitikia shikamoo yake nikamwambia aondoe mikono kwenye kibodi.

Kiti alichokalia nakijua. Nilikikalia mwaka 2018, hapa Dar, kwenye kampuni moja ya kusambaza bidhaa za dukani. Sava ilikuwa moja tu, Linux ya Ubuntu 16.04 yenye MySQL 5.7 (programu ya kanzidata) na diski ya GB 50, imewekwa stoo katikati ya maboksi ya sabuni na feni ya mezani. Nilikuwa na miezi mitano kazini. Barua yangu ya ajira ilisema "msaidizi wa kompyuta", lakini kwenye wasifu wangu wa mtandaoni nilishajiandika msimamizi wa mifumo. Wengi wenu mnaosoma hapa mnaijua njaa hiyo, msijifanye.

Tarehe 31, saa tatu usiku, mhasibu akapiga simu: mfumo umeganda, ankara hazitoki, na hesabu za mwezi lazima zifungwe. Hauleti kosa lolote, unazunguka tu. Leo najua kwa nini. MySQL ikikosa mahali pa kuandika haifi. Husimama ikingoja, inachungulia kila dakika kama nafasi imepatikana. Usiku ule nilidhani ni mtandao, nikapoteza nusu saa nzima nikihangaika na nyaya.

Nilipoingia kwenye sava nikaanza kuandika amri, nikabonyeza Tab ili jina la folda lijikamilishe lenyewe. Badala ya jina nikapata mstari unaoishia na "No space left on device". Hata Tab! Maana bash, programu inayopokea amri unazoandika, nayo huwa inataka kuandika kijifaili cha muda, na hakukuwa na mahali pa kukiweka. Ukiona hivyo, usihangaike na nyaya.

Nikatafuta kilichojaza. Sikukawia, logi ya programu ya ankara ilikuwa na GB 27 peke yake. Aliyeitengeneza aliiacha inaandika kila kitu, na hakuna aliyeiwekea utaratibu wa kuizungusha, yaani kuanza faili jipya na kutupa la zamani. Nikafurahi kama mtu aliyeokota pesa. Nikaandika rm, amri ya kufuta, nikabonyeza Enter, nikaandika df -h.

100%.

Nikaandika tena. 100%. Nadhani niliirudia df mara nane, kana kwamba inahitaji kubembelezwa.

Hapa ndipo kijana wa Mwanza alipofika, na hapa ndipo wengi mnafika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kwenye Linux, rm haifuti faili. Inafuta jina. Chukulia nyumba ya kupanga: umechana mkataba, umefuta jina la mpangaji kwenye daftari, lakini yeye bado yumo chumbani na kitanda chake na jiko lake. Ukiuliza daftari, chumba ni kitupu. Ukienda kufungua mlango, kuna mtu. Programu iliyokuwa ikiandika ile logi ilikuwa bado imelishika faili, na mradi imelishika, GB 27 zote haziendi popote. Zaidi ya hapo, inaendelea kuliandikia faili ambalo wewe hulioni tena.

Amri ya kumuona mpangaji huyo ni hii:

sudo lsof +L1

Inaorodhesha mafaili yaliyofutwa majina lakini bado yameshikwa, pamoja na programu inayoyashika. Ukishaijua, unaiwasha upya programu hiyo, basi. Nafasi inarudi sekunde hiyohiyo. Na siku nyingine logi ikiwa kubwa usiifute, ikamue ibaki tupu mahali pake:

sudo truncate -s 0 /var/log/jina-la-logi.log

Mstari mmoja. Ningeujua usiku ule ningelala saa nne.

Sikuujua. Nilihitimisha kwamba bado sijafuta vya kutosha. Nikaingia /var/lib/mysql, nikakuta mafaili 14 yanayofanana, mysql-bin na tarakimu mwishoni, kila moja lina GB 1 hivi. Nikajiambia haya si data, majina yenyewe hayaeleweki. Nikaandika rm mysql-bin.0* nikabonyeza Enter.

df ikashuka hadi sabini na kitu. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu stoo, feni na sabuni zikinitazama.

Kisha, ili mambo yakae sawasawa, nikaiwasha upya MySQL. Haikuwaka.

Yale mafaili 14 ni kumbukumbu za mabadiliko ya kanzidata. Kuna faili dogo pembeni, mysql-bin.index, linaloorodhesha majina yao, na mimi nililiacha. MySQL ilipoamka ikasoma orodha, ikaenda kutafuta la mwisho, haikulikuta, ikakataa kuendelea. Logi ya makosa ilisema hivyo waziwazi. Nilikuwa naisoma huku mikono inatetemeka, na mtu anayetetemeka hasomi, anaangalia herufi tu. Saa nane usiku nilikuwa naogopa hata kugusa panya.

Asubuhi bosi alileta fundi kutoka nje. Jamaa alivua koti, akasoma logi, akafungua lile faili la index, akaondoa mistari ya mafaili yasiyokuwepo, MySQL ikawaka. Akaiwasha upya programu ya ankara, GB 27 zikarudi. Dakika kumi, labda kumi na mbili. Wakati anavaa koti lake akamwambia bosi, mbele ya mhasibu na vijana wa stoo: "Mzee, kijana wako alikuwa anazima moto kwa petroli." Wakacheka wote. Mimi nikacheka pia, nifanyeje.

Jioni niliambiwa nipumzike nyumbani kwanza, nitaitwa. Sikuitwa.

Nimeandika makala nyingi hapa na hii sijawahi kuigusa. Sijui kama ni aibu au ni ile sentensi ya petroli. Mwaka 2022 kampuni ileile ilinipigia, mtu mwingine kabisa ofisini, asiyejua lolote, akiomba niwawekee mfumo wa bakapu. Nilikwenda. Sikuwaambia. Nililipisha bei kamili bila kupunguza hata shilingi, na nilipofika stoo feni ilikuwa palepale.

Turudi kwenye kazi. Siku hizi sava ikijaa naanza na amri mbili kabla ya kufuta chochote: df -h kuona nafasi, na df -i kuona inodi, zile nafasi za kuandikishia mafaili, kila faili moja. Hiyo ya pili wengi hamuijui. Diski inaweza kuwa na nafasi nusu nzima na bado ikakataa faili jipya, kwa sababu imeishiwa idadi ya mafaili, si ukubwa. Mara nyingi utakuta folda moja ina vijifaili vya sesheni za PHP kwa laki kadhaa.

Halafu du, inayopima ukubwa wa kila folda:

sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h

Hiyo x isiachwe. Inaiambia du isitoke nje ya partisheni ya ruti (ile sehemu ya diski yenye mfumo wenyewe, inayoandikwa /), la sivyo itakuhesabia na diski nyingine zote na utamlaumu asiye na kosa. Unashuka folda kwa folda, kikubwa kinakuja chini ya orodha. Kisha linganisha: df ikisema zimetumika GB 46 na du ikijumlisha GB 19, usifute kitu. Narudia, usifute kitu. Tofauti hiyo ni mpangaji, lsof itakuonyesha.

Au ni kitu kingine, kilichonichosha siku mbili kwa mteja mmoja wa Morogoro. Bakapu zake zilikuwa zikienda kwenye diski ya nje iliyopachikwa /mnt/bakapu. Umeme ukakatika, sava ikawaka bila ile diski, na skripti ya bakapu, ambayo haijui umeme ni nini, ikaendelea kuandika /mnt/bakapu kama kawaida. Safari hii hiyo ilikuwa folda tu ndani ya ruti. Baadaye mtu akairudisha diski, ikafunika folda ile pamoja na GB zote zilizokuwemo. lsof haioni kitu, du haioni kitu. Dawa ni kuipachika ruti mahali pengine ili uchungulie chini ya zulia:

sudo mkdir /mnt/chini
sudo mount --bind / /mnt/chini
sudo du -sh /mnt/chini/mnt/bakapu

Vya kufuta bila presha vipo, ila havina hadithi. sudo apt clean huondoa mafaili ya vifurushi yaliyopakuliwa kwa ajili ya kusakinisha, programu zenyewe zinabaki. sudo apt autoremove --purge huondoa na keneli (viini vya mfumo) za zamani. Soma orodha yake kabla ya kukubali. sudo journalctl --vacuum-size=200M hupunguza jarida la systemd, yaani logi za mfumo wenyewe, ambalo kwa kawaida hujiruhusu kula hadi asilimia 10 ya partisheni, mwisho GB 4. Kwenye sava iliyojaa kabisa, kufuta naanza na apt clean ili nipate pa kupumulia, ndipo nitafute mwizi mwenyewe.

Zile kumbukumbu za MySQL nazo zina mlango wake. Zikikulemea, ingia ndani ya MySQL uiombe yenyewe: PURGE BINARY LOGS BEFORE NOW() - INTERVAL 3 DAY, nayo itarekebisha na ile orodha. Kwanza hakikisha hakuna sava nyingine inayozisoma. Toleo la 8.0 huzifuta lenyewe baada ya siku 30. Ile 5.7 yangu ilikuwa haifuti hadi uiagize, na hakuna aliyekuwa ameiagiza.

Na kabla hujamwambia mteja anunue diski, andika sudo vgs. Kisakinishi cha Ubuntu Server kinapotumia LVM (mfumo wa kugawa diski unaoruhusu kupanua sehemu baadaye) mara nyingi huipa ruti sehemu tu ya diski, nyingine ikabaki imekaa bure. Nilimkuta mteja Arusha ameshaomba bei ya diski mpya, kumbe nusu ya ile aliyonayo haijawahi kuguswa. Amri moja, bila kuzima sava:

sudo lvextend -r -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv

Alinitazama kama mganga. Sikukanusha.

Sasa niseme neno, mnivumilie. Vijana tunapenda rm kwa sababu inaonekana ni kazi. Kuangalia hakuonekani kuwa ni kazi. Bosi akisimama nyuma yako anataka kuona vidole vinakwenda, nawe unampa vidole. Mwache asimame. Mwambie "naangalia kwanza, mzee", halafu angalia kwa kweli. Angalia nani ameshika, angalia kinatumika na nani, angalia kama una nakala mahali pengine. Ukiwa na hofu, ondoka kwenye kiti, kanywe maji. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 24 na hakuna aliyenipa ruhusa ya kunywa maji, ndiyo maana nawapa ninyi.

Kijana wa Mwanza tulimaliza naye saa saba kasoro. Logi aliyofuta ilikuwa ya kontena la Docker (programu inayoendesha programu nyingine kila moja ndani ya boksi lake, yaani kontena), zile zinazoishia na -json.log ndani ya /var/lib/docker/containers. Docker haizizungushi yenyewe usipoiwekea kikomo, na ilikuwa imelishika faili lile kama kupe. Tukaliwasha upya kontena, ruti ikashuka hadi 41%. Nikamwekea max-size kwenye /etc/docker/daemon.json, nikamkumbusha kwamba kikomo hicho hakigusi makontena ya zamani mpaka yaundwe upya. Vile "vitu viwili vitatu" kumbe vilikuwa mafaili ya usakinishaji aliyoyapakua mwenyewe. Ana bahati kuliko mimi.

Saa saba na robo akatuma ujumbe mwingine, na picha ya skrini: "Kaka samahani, kuna hizi /dev/loop0 na /dev/loop1 za snap, zenyewe bado ziko 100%. Nifute nini?"

Nikamwambia alale. Hizo ni programu zilizofungashwa, za kusomwa tu, huwa 100% siku zote.