Je, Taurati na Injili zilibadilishwa maneno au maana?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Katika mihadhara husikia kwamba Taurati na Injili zimebadilishwa zote. Lakini Sura Al-Maida, aya ya 47, inawaamrisha watu wa Injili wahukumu kwa yale aliyoyateremsha Mwenyezi Mungu ndani yake. Vipi waamrishwe kuhukumu kwa kitabu kilichokwisha kuharibika?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Wanazuoni wetu wamelijibu swali lako kwa njia zaidi ya moja, na anayekwambia kwamba Waislamu wana kauli moja tu katika jambo hili amekupunja elimu.

Wote wanakubaliana kwamba Taurati ya Musa, Zaburi ya Daudi na Injili ya Isa, amani iwe juu yao, ziliteremshwa na Mwenyezi Mungu, na kwamba kuziamini ni katika nguzo za imani. Wanakubaliana pia kwamba Qur'ani inawalaumu baadhi ya Ahlul Kitabi, yaani Mayahudi na Wakristo, kwa tahrifu, yaani kuyaondoa maneno mahali pake (An-Nisaa, 46), na kwa kuandika kitabu kwa mikono yao kisha kudai kimetoka kwa Mwenyezi Mungu (Al-Baqara, 79). Walichokhitilafiana ni kama kilichoguswa ni maandishi au ni maana.

Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, alishikilia kwamba maandishi yenyewe yamebadilishwa, akatoa hoja ya hesabu za miaka na idadi za watu zisizopatana katika Taurati. Imam Bukhari, kwa upande mwingine, ametaja katika Sahihi yake, mkusanyiko wake wa hadithi, kwamba hakuna awezaye kuliondoa neno la kitabu cha Mwenyezi Mungu, ila watu hukipotosha kwa kukifasiri sivyo. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alikaa katikati: upotoshaji mwingi umo katika tafsiri, maneno kadhaa yamebadilishwa, na hukumu za Mwenyezi Mungu zimebaki humo. Kwangu mimi kauli hii ndiyo inayozikusanya aya zote bila kuilazimisha hata moja.

Tazama kisa alichokisimulia Ibn Umar, sahaba wa Mtume. Mayahudi wa Madina walimletea Mtume (S.A.W.) mwanamume na mwanamke waliozini, naye akaagiza Taurati iletwe isomwe. Msomaji akaweka kiganja chake juu ya aya ya rajmu, yaani adhabu ya kupigwa mawe, akasoma yaliyo kabla yake na yaliyo baada yake. Abdullah bin Salam, aliyekuwa mwanachuoni wao kabla ya kusilimu, akamwambia ainue mkono, na aya ikaonekana pale pale. Hukumu ilikuwa imeandikwa, ilifichwa tu. Ndiyo maana katika Al-Maida hiyo hiyo, aya ya 43, Mwenyezi Mungu anauliza vipi wanamfanya Mtume hakimu hali wanayo Taurati yenye hukumu yake.

Nakala kongwe nazo zina ushahidi wake. Gombo la kitabu cha nabii Isaya lililopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947 liliandikwa kabla ya Isa kuzaliwa, na Codex Sinaiticus, nakala ya Biblia ya Kigiriki iliyoandikwa kwa mkono, ni ya karne ya 4. Kwa hiyo dai kwamba vitabu hivi viliandikwa upya baada ya Mtume halina mashiko. Hata hivyo, Sinaiticus hiyo hiyo haina aya 12 za mwisho wa Marko, na wataalamu wengi wa Kikristo wenyewe wanakiri kwamba ziliongezwa baadaye. Jambo jingine, ambalo wahadhiri wetu hulipita haraka mno, ni kwamba Injili tunayoiamini ni ile aliyoteremshiwa Isa, ilhali vitabu vinne viitwavyo Injili katika Agano Jipya ni habari zilizoandikwa na wengine kumhusu. Hata vingehifadhiwa neno kwa neno, suala hilo lingebaki.

Kwa hiyo, yanayoafikiana na Qur'ani tunayasadiki, kwa kuwa ndiyo yenye kuvihukumia vitabu vilivyoitangulia (Al-Maida, 48), na yanayopingana nayo hatuyakubali. Kwa yaliyonyamaziwa, Mtume alituagiza, kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra, tusiwasadikishe Ahlul Kitabi wala tusiwakadhibishe, bali tuseme tumemwamini Mwenyezi Mungu na yaliyoteremshwa kwetu na kwao. Anayekikejeli kitabu chao chote jukwaani anakwenda kinyume na agizo hilo, na huenda analokejeli likawa ni neno la Mola wake.