Kabla ya Kuchimba Msingi, Jua Linazama Upande Gani?

Chukua ramani yoyote ya nyumba inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, ya vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani na choo cha masta, uitazame vizuri. Utakuta vipimo vyote, hata mahali pa kuweka kochi, lakini mshale wa kaskazini mara nyingi haupo. Aliyeichora hajui kiwanja chako kinatazama wapi. Fundi naye akifika saiti anaigeuza ili mlango mkubwa utazame barabara, basi, kamba zinafungwa. Joto utakaloishi nalo miaka yote linaamuliwa hapo, mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa.

Nimesimamia ujenzi wa nyumba kadhaa za ndugu zangu hapa Dar es Salaam, na yangu iko Kigamboni. Kabla ya hapo nilipanga vyumba vya kila namna mjini humu. Mambo mengi yanayopoza nyumba hayana bei: ni kuamua tu chumba kipi kikae wapi na dirisha litazame nini. Ninayoyasema hapa ni ya mtu anayejenga Pwani. Wa Dodoma na Njombe nitawagusa mwishoni, maana kwao hesabu inageuka.

Tuanze na jua. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi Oktoba liko kaskazini mwetu, na Juni linafika nyuzi kama 30 kutoka utosini. Baada ya hapo linahamia kusini, lakini haliendi mbali, nyuzi kama 17 tu hapo Desemba. Maana yake ni kwamba kuta za kaskazini na kusini zinapigwa na jua la juu, na jua la juu linazuilika kwa upenu, ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Ikiwa kutoka kwenye upenu hadi chini ya dirisha ni mita 1.5, upenu wa sentimita 90 upande wa kaskazini unalifunika dirisha lote adhuhuri ya Juni. Kusini hata sentimita 50 zinatosha. Mafundi wengi hutoa sentimita 60 pande zote kwa mazoea. Waambie kabla kenchi, zile mbao za kubeba paa, hazijakatwa, kwa sababu baada ya hapo utajibiwa kwamba mbao zimeisha.

Magharibi ni habari nyingine. Kuanzia saa tisa alasiri jua limeshainama, linapita chini ya upenu na kukaa ukutani mpaka linazama. Ukuta wa tofali za saruji unalipokea joto lile polepole na kulitoa ndani polepole vilevile, wakati wewe ndio unajiandaa kulala. Nilipanga chumba cha namna hiyo Tabata. Ukiweka kiganja ukutani saa nne usiku, bado kuna vuguvugu. Kitanda tulikisogeza katikati ya chumba, wageni wakadhani ni mtindo.

Kwa hiyo upande wa magharibi wape wasiolala: jiko, stoo, choo, maegesho ya gari. Madirisha yawe madogo. Nyumba yenyewe, kama kiwanja kinaruhusu, ilale mashariki kwenda magharibi, ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini na kuta fupi zipokee jua la asubuhi na la jioni. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kinakupa uhuru huo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hakina urefu wala upana wa kukulazimisha. Kinachowalazimisha watu ni barabara. Lakini hakuna sheria inayosema sebule lazima itazame barabara. Mlango unaweza kutazama barabara, sebule ikatazama kwingine.

Kwenye upepo wavuvi wa Feri, kwenye soko la samaki, wanajua zaidi kuliko wachora ramani. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kutoka kaskazini mashariki. Kusi inaanza na masika na kuendelea mpaka karibu na Novemba, kutoka kusini mashariki. Ongeza upepo wa baharini wa kila mchana, utaona kwamba hapa Dar sehemu kubwa ya mwaka hewa inatoka upande wa mashariki, mara kwa kona hii, mara kwa kona ile. Vyumba vya kulala na sebule vikikaa upande huo, na jiko upande wa pili, hewa safi inaanzia kwa watu na harufu ya vitunguu inatokea nje. Mpango wa jua na mpango wa upepo vinakubaliana, jambo ambalo si la kawaida katika ujenzi.

Ila upepo ukiingia chumbani unataka na pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja, hata liwe kubwa, kinapata hewa ya karibu na dirisha tu. Nyumba za Kiswahili za Magomeni na Ilala, zile za vyumba sita na korido katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, zilikuwa na jibu. Milango ya vyumba ilibaki wazi na pazia likaning'inia, hewa ikaingia dirishani na kutokea koridoni mpaka uani. Leo tumeziba uani kwa jiko na korido kwa mlango wa chuma, halafu tunashangaa. Katika nyumba mpya, vyumba vya kulala vipe kona ili kila kimoja kiwe na madirisha kwenye kuta mbili. Kisichopata kona, acha nafasi ya sentimita 30 juu ya mlango wake, uweke vibao vilivyoinama. Sauti zitapita, hilo sikufichi. Vyumba vya watoto havina neno. Chumba chenu mtaamua wenyewe.

Kisha dirisha lenyewe. Aluminiamu ya kusukuma imeenea kila mahali kwa sababu ni nafuu na inapendeza, lakini dirisha la futi 5 la namna hiyo linakupa uwazi wa futi 2 na nusu. Nusu nyingine ni kioo juu ya kioo. La bawaba linafunguka lote, na luva, yaani vile vibao vya kioo vinavyoinama, vilevile. Luva zina vumbi na zinataka grili imara, nakubali, ila kwa chumba cha kulala cha Dar sijaona kinachozishinda. Kumbuka pia wavu wa mbu unakula sehemu ya upepo, kwa hiyo dirisha la wavu liwe kubwa kuliko ulivyokusudia. Vioo vyeusi viache. Vinapunguza mwanga mpaka unawasha taa saa sita mchana, wakati upenu ungekupa kivuli bila giza.

Ukuta wa fensi nao unasahaulika. Ukijenga ukuta mzito wa mita 2 na nusu, halafu nyumba iko hatua chache nyuma yake, upepo unaruka juu ya ukuta na kuipita nyumba yako kwenda kwa jirani. Upande wa mashariki tumia matofali ya matundu, angalau kuanzia usawa wa kifua kwenda juu, au grili. Mwizi anayekutaka hazuiliwi na tofali kukosa tundu.

Sasa paa. Nyumba za paa la kuficha sizipendi, na nimeacha kujifanya nazipenda mbele ya wenye nazo. Unapandisha ukuta kuzunguka bati lisionekane, na kwa kufanya hivyo umekata upenu. Kuta zote zinabaki uchi kwa jua na mvua, rangi inachirizika baada ya masika ya kwanza, na mfereji uliofichwa huko juu ukiziba majani maji yanarudi ndani. Picha inatoka nzuri, hasa jioni. Lakini katika nyumba hizi ndipo nimeona kiyoyozi kila chumba, hata chumba cha dada wa kazi.

Ukiweka paa la kawaida, chagua bati la rangi nyepesi. Bati jeusi au la kahawia iliyokolea linachemka kuliko jeupe, hilo unaweza kulipima kwa mkono kwenye duka la bati saa saba mchana. Acha matundu yenye wavu mgumu kwenye pembetatu za kuta za paa, pande zote mbili, ili hewa ya moto iliyo juu ya dari itoke badala ya kukandamiza jipsamu. Bila wavu, popo watahamia. Ongeza kozi (mistari) mbili za tofali kabla ya kufunga dari, karibu nusu mita, upate pa kufunga pangaboi bila kuogopa kichwa cha mgeni mrefu.

Hesabu ya Luku, yaani ya umeme, ni hii. Pangaboi la wati 70 likizunguka kwa muda wa saa nane usiku linakula nusu uniti na kidogo. Kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000, cha kawaida, kinavuta karibu wati 900 kompresa ikifanya kazi. Katika chumba ambacho ukuta wa magharibi unaendelea kumwaga joto, kompresa haipumziki, ni uniti sita au saba kwa usiku huohuo. Katika chumba kilichopoa tangu mchana, kompresa inazima na kuwaka. Kwa hiyo hata mwenye kiyoyozi anahitaji haya ninayoyasema.

Kwa upande wa afya, mbu ndio wanaowafanya watu wafunge madirisha, kisha hewa nzito inabaki ndani. Ziba nafasi kati ya ukuta na paa, weka wavu kila dirisha, acha madirisha wazi usiku. Vijijini Mtwara zimejengwa nyumba 110 za utafiti zinazoitwa Star Homes, zenye vyumba vya kulala ghorofani na kuta za wavu zinazopitisha hewa, ili watu wapate upepo na mbu wabaki nje. Huhitaji kuiga umbo lake, ila wazo lake linafaa hata Mbagala. Vyooni na kwenye korido za katikati weka dirisha au bati la kupitisha mwanga, kuvu hazipendi jua na hewa. Na mkaa usiwashwe kwenye jiko lililofungwa hata siku moja: gesi yake, kaboni monoksidi, haina harufu, na mtu anasinzia bila kujua.

Aliyekwisha kujenga aanze na matundu ya paa, ndiyo rahisi. Kisha kivuli cha magharibi: mapapai na migomba vinakua haraka, au vuta waya na kupandisha mpasheni hatua moja kutoka ukutani. Asipande mwembe karibu na msingi. Baadaye, hela ikipatikana, abadilishe madirisha ya vyumba vya kulala tu, sebule isubiri.

Dodoma ni kavu, mchana jua kali na usiku kunapoa. Kule kuta nene zina faida, madirisha yawe ya wastani, yafungwe mchana na kufunguliwa usiku, na upande wa mashariki upande miti ya kuvunja upepo, kwa sababu unakuja na vumbi. Njombe ndiyo kinyume chetu kabisa. Juni na Julai unalitafuta jua liingie, kwa hiyo upenu wa kaskazini ufupishwe, sebule na meza ya chakula vitazame kaskazini na mashariki, na madirisha ya kusini yawe madogo. Jiko la kuni liwe na bomba la moshi linalopita juu ya kofia ya bati, yaani kilele cha paa, kwa sababu kule kila mtu hukaa jikoni.